Kuandika historia ya klabu ya daraja la chini: anza na mechi, waasisi watafuata

Historia nyingi za klabu za mikoani hufunguka kwa namna moja: klabu iliasisiwa mwaka fulani na wazee fulani, ikabadili jina, ikapanda, ikashuka. Ukiuliza mwaka umetoka wapi, unatajiwa mzee mmoja. Ukienda kwa mzee wa upande wa pili, unapewa mwaka mwingine na orodha nyingine ya waasisi, na baba yake amo.

Ushauri wetu ni kuigeuza kazi. Habari ya kuasisiwa ndiyo yenye ushahidi mchache na ugomvi mwingi kuliko zote, kwa hiyo iache mwisho. Anza na mechi. Mechi ina tarehe, ina mpinzani, ina uwanja, na mara nyingi iliandikwa mahali zaidi ya pamoja. Ukishakuwa na mechi za misimu kumi, hata mjadala wa waasisi unapata mipaka: klabu iliyocheza ligi ya wilaya mwaka 1968 haiwezi kuwa imeanzishwa 1972, hata aseme nani.

Maelezo haya yanahusu klabu za Tanzania Bara, kuanzia zile za Championship, yaani ngazi ya pili chini ya Ligi Kuu, hadi ligi ya wilaya. Zanzibar ina shirikisho lake na ligi zake, na nyaraka zake ziko huko huko.

Jedwali la mechi

Fungua faili moja tu la jedwali kwenye kompyuta. Usitumie daftari, maana utahitaji kupanga upya kwa tarehe, kwa mpinzani na kwa uwanja. Mstari mmoja ni mechi moja. Safu zake ziwe hizi: tarehe, jina la mashindano kama lilivyoandikwa wakati ule, ngazi (1, 2, 3, 4), mpinzani, uwanja na mji, matokeo ya uwanjani, matokeo rasmi, wafungaji, chanzo, yaani gazeti, tarehe yake na ukurasa, na mwisho uhakika. Kwa uhakika tumia herufi tatu: A kwa matokeo yaliyothibitishwa na maandishi mawili yasiyonakiliana, B kwa maandishi mamoja, C kwa kumbukumbu ya mtu bila maandishi.

Matokeo yana safu mbili kwa sababu katika madaraja ya chini mechi nyingi hazimalizwi na filimbi. Kuna rufaa, kuna mchezaji asiye na leseni, kuna timu iliyokosa nauli, kuna pointi za mezani. Mfano mkubwa ni kundi C la Ligi Daraja la Kwanza msimu wa 2015/16. Siku ya mwisho Geita Gold iliifunga JKT Kanembwa 8-0, na Polisi Tabora ikaifunga JKT Oljoro 7-0. Aprili 2016 kamati ya nidhamu ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ilizishusha timu hizo kwa kupanga matokeo, na nafasi ya kupanda Ligi Kuu ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza. Mwaka uliofuata Mbao hiyo hiyo ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba mjini Dodoma. Mwenye safu moja ya matokeo hawezi kumweleza msomaji kwa nini timu iliyoshinda mabao manane ilishuka.

Pasipo na habari, acha wazi. Usijaze sufuri wala alama ya sare. Sufuri iliyojazwa kwa kubahatisha itahesabiwa na mwingine kuwa bao halikufungwa.

Ngazi zilibadili majina

Hapa ndipo waandishi wengi huteleza. Kabla jina la Ligi Kuu halijashika mwishoni mwa miaka ya 1990, Ligi Daraja la Kwanza ndiyo iliyokuwa ngazi ya juu Tanzania Bara. Tukuyu Stars, Banyambala wa Rungwe, walipotwaa ubingwa wa Daraja la Kwanza mwaka 1986 walikuwa mabingwa wa Bara, juu ya Yanga na Simba. Kijana aliyezoea Daraja la Kwanza la miaka ya 2000 akisoma sentensi hiyo anadhani walishinda ligi ya pili. Mwaka 2021 ngazi ya pili ikaitwa Championship, na Daraja la Pili, yaani ngazi ya tatu, ikaitwa First League. Kwa hiyo katika safu ya mashindano andika jina la wakati ule, na katika safu ya ngazi andika namba. Namba ndiyo itakayokuongoza.

Kuna na Ligi ya Muungano, iliyokutanisha timu za Bara na Zanzibar kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa miaka hiyo kuna mabingwa wa aina mbili. Ndiyo maana orodha moja inaweka Majimaji ya Songea au KMKM mahali ambapo orodha nyingine inaweka timu tofauti kabisa, na zote zikawa sahihi. Ukikuta ubingwa unagongana, kwanza uliza: wa Bara au wa Muungano?

Misimu nayo. Kwa muda mrefu ligi ilichezwa ndani ya mwaka mmoja wa kalenda. Mwaka 2007 ikachezwa ligi fupi ya kuvukia, kisha ukaanza msimu wa 2007/08. Mtu anayesema "tulipanda 2007" anaweza kuwa anazungumzia mambo mawili tofauti.

Usisahau mipaka ya mikoa, maana ndiyo inayoamua nyaraka ziko wapi. Manyara ilitoka Arusha mwaka 2002. Geita, Katavi, Njombe na Simiyu zikawa mikoa mwaka 2012, na Songwe ikatoka Mbeya mwaka 2016. Klabu ya Makambako ya mwaka 1990 hutaipata kwenye makabrasha ya Njombe. Ilicheza ligi ya mkoa wa Iringa, na matokeo yake yaliandikwa na mwandishi wa Iringa.

Viwanja pia vinapotosha. "Uwanja wa Taifa" kwenye gazeti la 1983 ni ule unaoitwa leo Uhuru, si wa Benjamin Mkapa uliofunguliwa 2007. Namfua ya Singida sasa ni Liti. Andika jina la zamani, weka la sasa kwenye mabano.

Magazeti

Kwa vipindi vya kabla ya simu za mkononi, gazeti ndilo shahidi mkuu. Uhuru na Mzalendo, toleo lake la Jumapili, ndiyo ya kuanzia kwa Kiswahili. Ngurumo ilitoka 1959 hadi 1976. Kwa Kiingereza tazama Standard na Nationalist, ambazo mwaka 1972 ziliunganishwa kuwa Daily News. Miaka ya 1990 magazeti binafsi yakaongezeka na kurasa za michezo zikanenepa, na baadaye yakaja magazeti ya michezo matupu. Utayapata Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed, kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kumbukumbu za Taifa. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka kwenye klabu, chuo au ofisi ya michezo ya wilaya, na uliza mapema masharti ya kupiga picha.

Usiombe "magazeti yenye habari za klabu yetu", maana hayapo kwa mpangilio huo. Omba jalada la miezi mitatu ya mwaka mmoja, yaani mzunguko mmoja wa ligi. Soma ukurasa wa michezo wa kila siku, kuanzia siku ya mechi hadi siku saba mbele. Mechi za Dar es Salaam hutoka kesho yake. Za Songea, Kigoma au Bukoba zilisomwa kwa simu na mwandishi wa mkoa, hivyo zilichelewa siku mbili hadi nne, na mara nyingine zilitoka kama mstari mmoja chini ya habari ya mchezo mwingine. Ukiishia gazeti la Jumatatu utakosa nusu ya mechi zako.

Kwa sababu zilisomwa kwa simu, majina yaliharibika njiani. Mwakasege anakuwa Makasege, Aswile anakuwa Asile. Unapopekua usitafute jina moja tu. Tafuta mpinzani, uwanja, hata jina la mwamuzi. Na usisahihishe tahajia unaponakili. Nakili kama ilivyo, sahihisha kwenye safu ya pembeni.

Ukipiga picha kwa simu, piga kwanza kichwa cha gazeti chenye tarehe, kisha ukurasa mzima, kisha habari yenyewe. Picha tatu kwa kila habari. Picha ya habari peke yake, isiyo na tarehe, baada ya miezi miwili ni karatasi ya kufungia maandazi.

Ukipata msimamo wa ligi, uhakiki kwa hesabu kabla hujauamini. Jumla ya mechi zilizoshinda timu zote lazima ilingane na jumla ya zilizofungwa. Jumla ya sare lazima iwe namba shufwa. Mabao yote ya kufunga yalingane na yote ya kufungwa. Kisha pima pointi. Timu iliyoshinda mechi 10, sare 6, ikapoteza 6, ina pointi 26 kama ushindi ulikuwa na pointi mbili, na 36 kama ulikuwa na tatu. Hesabu hiyo ndiyo inayokuambia ligi ilikuwa ikitumia kanuni ipi mwaka huo, hata kama kanuni zenyewe zimepotea. Pointi zikipungua tatu au zikizidi kwa timu moja tu, tafuta rufaa. Zisipolingana kwa timu nyingi, ni kosa la mchapaji.

Makabrasha ya klabu na ya ofisi

Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu husajiliwa kwa Msajili wa vyama vya michezo. Cheti cha usajili ni ushahidi mzuri, lakini kinathibitisha siku ya usajili tu. Klabu nyingi zilicheza miaka kadhaa kabla ya kuwa na katiba, na nyingine zilisajiliwa upya baada ya mgogoro, zikapata namba mpya na tarehe mpya. Andika zote mbili: "ilianza kucheza si baadaye ya…" na "ilisajiliwa tarehe…". Usizichanganye.

Kwa mihutasari ya vikao usiende kwa mwenyekiti wa sasa kwanza. Nenda kwa makatibu na waweka hazina wa zamani. Katibu anapoondolewa madarakani kwa ugomvi huondoka na daftari, na daftari hilo mara nyingi liko salama kuliko lililobaki ofisini. Mwombe ruhusa ya kupiga picha, si kuchukua. Leja ya mweka hazina ni tamu kuliko mihutasari: ukiona malipo ya lori kwenda Mpanda na ya chakula cha watu 22, umepata tarehe ya safari na ukubwa wa msafara bila mtu kujisifu.

Klabu za mahali pa kazi zina njia yake. Reli ya Morogoro, RTC Kagera (ya kampuni ya biashara ya mkoa) na CDA ya Dodoma (ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu) zilikuwa za mashirika ya umma, na mchezaji aliajiriwa kazini kisha akacheza jioni. Ubinafsishaji wa miaka ya 1990 uliyavunja au kuyauza mengi ya mashirika hayo, na timu zikafa au zikahamia mikononi mwa mji. Usitafute ofisi ya klabu ambayo haipo. Tafuta taasisi iliyorithi shirika: mafaili ya utumishi, jarida la wafanyakazi, ripoti za mwaka zenye kifungu cha "ustawi na michezo". CDA yenyewe ilivunjwa mwaka 2017 na shughuli zake zikaenda Manispaa ya Dodoma, ambayo leo ni Halmashauri ya Jiji. Anzia hapo.

Mahojiano

Nenda kwa wazee ukiwa na jedwali mkononi, hata lenye mechi 15 tu. Ukimwuliza mzee "tuambie historia ya klabu", atakupa hotuba aliyozoea kuitoa kwenye misiba na mikutano mikuu. Ukimwuliza "Shikamoo mzee, hii mechi ya Mkwakwani, Tanga, mliyofungwa 2-1, bao lenu lilipatikanaje?", atakaa sawa kwenye kiti.

Usimwulize mwaka. Mwulize kabla au baada ya nini. Vigingi vinavyofaa: Azimio la Arusha (Februari 1967), kuuawa kwa Karume (Aprili 1972), vita vya Kagera (1978–79), Taifa Stars kwenda Lagos (1980), kifo cha Sokoine (Aprili 1984), fainali ya Simba na Stella Abidjan (1993), MV Bukoba (Mei 1996), kifo cha Mwalimu (Oktoba 1999). Mtu anayekosea mwaka kwa miaka mitano hakosei kwamba mechi ilichezwa timu ikiwa imevaa vitambaa vyeusi kwa ajili ya Sokoine.

Kuna madai matatu ya kuyatilia shaka hadi yapate maandishi. La kwanza ni "tuliwahi kuifunga Yanga" (au Simba). Mara nyingi ni kweli, ila ilikuwa mechi ya kirafiki, Yanga ikipita mjini na kikosi cha pili. Irekodi, ila usiiweke kwenye rekodi za ligi. La pili ni mafanikio ya Kombe la Taifa, ambako waliocheza walikuwa timu ya mkoa. Wachezaji saba wa klabu yako wakiwa kwenye kikosi cha mkoa, miaka thelathini baadaye kombe linahamia kwenye kabati la klabu. La tatu ni mchezaji mashuhuri "aliyetokea kwetu". Tafuta jina lake kwenye orodha ya kikosi, na si kwenye picha ya bonanza.

Hoji mtu mmoja mmoja kwanza, kikundi baadaye. Ukianza na kikundi, mwenye sauti kubwa anaamua na wengine wanaitikia. Rekodi kwa simu mbili, moja karibu na msemaji, na zima feni. Mwanzoni mwa kila rekodi sema tarehe, mahali na jina la anayehojiwa, na rekodi ridhaa yake kwa sauti. Usiache kina mama: wake wa wachezaji, waliopika kambini na waliofua jezi wanakumbuka majina halisi ya watu ambao wenzao waliwajua kwa utani tu.

Ni klabu ile ile?

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na historia nyingi hulipita kimya. Tazama Singida. DTB FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2022 ikaitwa Singida Big Stars, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 Fountain Gate ikahamia Babati, na Ihefu, iliyotoka Mbarali mkoani Mbeya, ikahamia Singida na kuwa Singida Black Stars. Shabiki wa Singida hakutoka kwenye kiti chake. Je, ubao wa rekodi unamfuata yeye, au unafuata usajili?

Usijibu kwa hisia. Chora mistari minne kwenye karatasi, kila mmoja na miaka yake: usajili, nafasi katika ligi, mji na uwanja, wanachama na uongozi. Palipokatika mstari mmoja na mitatu ikaendelea, kwa kawaida ni kubadili jina tu: Sunderland ilipoitwa Simba mwaka 1971 ilibaki klabu ile ile. Ikikatika mitatu, andika klabu mbili zilizorithiana nafasi, na mechi zao zipe majedwali mawili. Mistari miwili kwa miwili ni suala la hoja. Toa hoja yako wazi na umwonyeshe msomaji karatasi yenyewe. Viongozi watakusukuma uunganishe ili klabu ionekane kongwe. Kataa kwa upole, wape nakala ya mchoro.

Picha

Usibandue picha iliyogandia kwenye albamu. Ipige ilipo, karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, simu ikiwa sambamba na picha. Ukiwa na mashine ya kutambaza, tumia nukta 600 kwa inchi kwa picha ya ukubwa wa postikadi, 1200 kwa pasipoti, na 2400 au zaidi kwa filamu. Hifadhi faili la TIFF, kisha toa JPEG ya kutumia. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama hati, la sivyo inabanwa na sura zinayeyuka.

Faili lipe jina linaloanza na mwaka: 1986-00-00_Sokoine_kikosi_01, sufuri zikimaanisha mwezi na siku havijulikani. Majina ya wachezaji yaandike kutoka kushoto kwenda kulia, waliosimama kisha waliochuchumaa. Asiyejulikana mwandike "hajatambuliwa", usimruke, maana ukimruka majina yote yanayofuata yanahama mtu mmoja. Nyuma ya picha halisi andika kwa penseli laini tu.

Kuandika

Gawa sura kwa ngazi za ligi, si kwa wenyeviti. Sura za wenyeviti huzaa sifa na lawama. Sura za ngazi huuliza maswali ya maana: kwa nini tulipanda mwaka ule, nani alilipia safari za ligi ya mabingwa wa mikoa, kwa nini tulikaa misimu miwili tu. Katika madaraja ya chini jibu mara nyingi ni fedha ya usafiri kabla ya kuwa uwezo wa wachezaji, kwa hiyo leja ile irudi mezani hapa.

Mambo ya uhakika C yaandike, lakini yapewe mwenyewe: "kwa kumbukumbu ya beki wa wakati huo". Namba za simu, magonjwa na madeni ya watu binafsi viache nje. Tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, mji ni mdogo. Picha za magazetini ombea ruhusa kabla ya kuchapa.

Kabla ya kuchapa, toa nakala tano za rasimu kwa watu wasiopendana. Wape wiki tatu na kalamu nyekundu. Sharti liwe kwamba marekebisho ya tarehe au matokeo yaje na karatasi, ya majina yaje na watu wawili. Ikishachapwa, peleka nakala Maktaba Kuu ya Taifa, maktaba ya mkoa na ofisi ya chama cha soka cha mkoa, na pamoja nayo jedwali la mechi kwenye diski, likiwa na mapengo yake yote wazi.